Magurudumu Matatu Mpakani

Dabani ni kata ya wakulima iliyo jirani na mji wa Busia, upande wa Uganda, na watu wa mbali wakiijua huijua kwa misheni yake ya Kikatoliki, hospitali yake na shule yake ya wasichana. Walakini mtu atakaye kuandika habari za usafiri wa watu wasioweza kutembea katika Afrika ya Mashariki hana budi kuanzia katika pembe hii ya nchi, baina ya mwamba wa Tororo na kizuizi cha forodha cha Busia, kwa kuwa hapa ndipo watu ambao maradhi yaliwanyima miguu walipokuwa wachukuzi wa mali za wengine, zamani kabla ya sheria yoyote kuwaamuru wenye magari wawachukue wao. Leo zinapotungwa kanuni za kuwataka wenye matatu na teksi ndogo wawapokee abiria wa viti vya magurudumu, habari hizo hukumbukwa kwa nadra, nami naona kuzisahau ni hasara, maana wako hai bado watu waliozitenda, na wangeulizwa wangejibu.

Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 nchi yote hii, tangu hapa hadi Naivasha, ilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Himaya ya Uganda. Ndipo tarehe 1 Aprili mwaka huo Waingereza walipoikata na kuitia katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya, na mwaka 1926 wakaithibitisha mistari yao kwa amri iliyotolewa London, mpaka ukawa unafuata mto Sio, kisha Alupe, kisha Malaba. Wasamia walijikuta wako huku na huko, na Wateso vivyo hivyo, ndugu kwa ndugu wakigawanywa na maji ambayo wakati wa kiangazi mtoto huyavuka bila kulowa magoti. Hata hivyo kwa muda mrefu mgawanyiko huo haukuwa mzito, kwa sababu tangu 1917 Kenya na Uganda zilikuwa na forodha moja, na shilingi ilikuwa moja, na posta na reli zilikuwa moja. Mwenye kuku wa kuuza hakuulizwa kuku wake ametaga nchi gani. Uzito ulikuja baada ya uhuru, na hasa tangu mwaka 1966, serikali zilipoanza kutoa kila moja fedha zake, maana fedha zikitofautiana bei nazo hutofautiana, na bei zikitofautiana baina ya watu wanaotazamana, hapana budi azuke mtu wa kuvusha vitu.

Baina ya vituo viwili vya forodha, cha Uganda na cha Kenya, palikuwa na kipande cha barabara, yapata nusu maili, kisichokuwa cha huku wala cha kule, na gari halikuweza kukivuka pasipo hati nyingi. Basi abiria alishushwa upande mmoja, akajitwika mzigo wake, akatembea juani hadi upande wa pili. Vijana wenye baiskeli waliitambua haja hiyo, na katika miaka ya sitini wakafunga vikalio vya sponji juu ya keria, wakawa wanavusha watu na mizigo yao kwa senti chache, wakinadi safari yao ya kutoka mpaka hadi mpaka. Na kazi hiyo ya boda boda, iliyozaliwa katika kipande hicho kifupi cha barabara, imekwisha kuenea hata haiko leo wilaya ya Kenya, Uganda wala Tanzania isiyokuwa nayo, ijapokuwa baiskeli imeachia nafasi pikipiki.

Lakini keria ya baiskeli ni ya mwenye miguu miwili na kiuno kilicho imara. Asiyekuwa na nguvu za miguu hawezi kuipanda pasipo kuinuliwa, wala kukaa juu yake pasipo kushikwa, na barabara ya Busia ya siku hizo haikuwa laini.

Wengi wa watu hao walitiwa katika hali hiyo na polio, ugonjwa wa kupooza, ambao huwashika watoto wadogo na kuwaachia uhai wao huku ukichukua mguu mmoja, au yote miwili, au mguu na mkono. Chanjo ya Salk ilitangazwa mwaka 1955, na ile ya matone, iliyobuniwa na Sabin, ikafuata baada ya miaka michache. Walakini dawa kugunduliwa ni jambo moja, na dawa kufika kijijini ikiwa baridi kama inavyotakiwa ni jambo jingine, na Uganda haikupata mpango thabiti wa chanjo kwa watoto wote ila mwaka 1983, baada ya miaka mingi ya vita na uharibifu. Katika kipindi chote hicho watoto waliendelea kupooza. Mwaka 1960 alifika Mulago, Kampala, tabibu wa mifupa aitwaye Ronald Huckstep, naye alipoona wingi wa watoto na watu wazima waliokuwa wakitambaa kwa mikono na magoti, alianzisha kliniki za polio na karakana ya vyuma vya kuimarisha miguu, akishikilia kuwa vyombo hivyo viundwe kwa vitu vilivyomo nchini, chuma cha kawaida, ngozi na mbao, na viundwe na mafundi wa papo hapo, ili bei yake iwe chini na vikivunjika viweze kuungwa na fundi wa jirani. Upande wa Kenya kulikuwa na chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichoundwa mwaka 1958, nacho mwaka 1969 kikafungua karakana ya Bombolulu, Mombasa, ambamo watu wenyewe wenye ulemavu walifundishwa ufundi.

Chuma cha mguu ni neema kubwa kwa mtoto wa shule, lakini humfikisha mtu mlangoni na kisimani, hakimfikishi sokoni na kumrudisha na gunia. Kilichomfikisha sokoni ni baiskeli ya mikono. Mtu asiyewahi kuitazama kwa karibu na aitazame. Fremu yake imeungwa kwa mabomba ya chuma, ina magurudumu mawili nyuma na moja mbele, yote ya baiskeli ya kawaida, hata tairi na mpira wa ndani hununuliwa katika duka lolote la vipuri. Kiti kimewekwa chini, kiasi cha mtu kuweza kujivuta kutoka ardhini hadi juu yake kwa nguvu za mikono peke yake. Pedali zimetolewa miguuni zikapandishwa mbele ya kifua, na mnyororo hushuka kutoka hapo hadi gurudumu la mbele, hata mikono ile ile iendeshayo ndiyo ishikayo usukani. Mabega ya mtu aliyeiendesha miaka kumi hutambulikana hata akiwa ameketi barazani kwake. Na nyuma ya kiti, juu ya ekseli, ipo nafasi. Aliyebuni chombo hiki huenda aliikusudia kwa magongo ya mwenyewe, lakini nafasi ile ndiyo iliyobadili maisha ya watu wa Busia, kwa kuwa fundi wa kuchomelea aliweza kuipanua, akaweka jukwaa la vyuma, na juu ya jukwaa likakaa gunia, na juu ya gunia gunia jingine, na nyuma wakasimama vijana wawili wenye miguu mizima wakisukuma.

Ili kufahamu jinsi chombo cha maradhi kilivyokuwa chombo cha biashara, hapana budi kukumbuka hali ya Uganda ya zamani zile. Idi Amin alitwaa serikali Januari 1971, na mwaka uliofuata akawafukuza Waasia, ambao mikononi mwao ndimo ilimokuwa biashara kubwa ya nchi. Viwanda vikalala, na sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia vikawa adimu. Upande wa pili wa kizuizi, Kenya, vitu hivyo vilikuwako madukani. Kisha Julai 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazil, bei ya kahawa ikapanda duniani kote kwa kiasi kisichokuwa na mfano, na kahawa ya Uganda, ambayo serikali yake iliinunua kwa mkulima kwa bei ya dhuluma, ikaanza kuvushwa usiku kwenda Kenya. Soko la Chepkube, kaskazini ya hapa, chini ya mlima Elgon, likawa maarufu kwa utajiri wa ghafula. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Magendo yakawa ndiyo riziki ya mpakani, na mtu asiyeyagusa alikuwa ama tajiri sana ama mgonjwa kitandani.

Katika wakati huo ndipo ilipokomaa dasturi ambayo haikuandikwa katika daftari lolote la serikali, ya kwamba karani wa forodha, wa huku na wa kule, hamsimamishi mtu aliyeketi juu ya baiskeli ya mikono. Sababu zake zilichanganyika. Huruma ilikuwamo, nayo si jambo la kubezwa. Dini zote zilizoko Busia huamuru ihsani kwa asiyejiweza, na karani wa forodha ni mtu wa msikiti au wa kanisa kama jirani yake. Haya ilikuwamo pia, kwani kumpekua mtu asiyeweza kushuka ni kumshika mwilini mbele ya kadamnasi, na si kila karani aliyekuwa tayari kuonekana akifanya hivyo. Na ulikuwamo uzembe wa kawaida wa mtu wa zamu aonaye kuwa kilo mbili tatu za sukari chini ya kiti hazitaiangusha serikali. Kwa hiyo aliyekwenda Kenya kununua sukari ya nyumbani alirudi nayo bila kuulizwa, na mara ya pili alileta ya jirani, na mara ya tatu mfanyabiashara mwenye akili alimwita pembeni akamwuliza ataka kiasi gani kwa safari moja.

Basi mtu aliyezoea kuketi kando ya njia akinyosha kiganja aligeuka kuwa mchukuzi mwenye bei yake. Alilipwa kwa safari. Aliwalipa wasukumaji wake kutoka katika malipo yake, akawa mwajiri wa watu wenye miguu mizima. Alijifunza ni saa gani zamu hubadilishwa, na ni karani yupi mkali na yupi mpole. Wataalamu wawili wa elimu ya jamii, Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2007, walieleza jinsi watu hawa wa baiskeli za mikono wa Busia walivyopata kwa kazi hiyo vitu ambavyo jamaa zao hawakudhani kuwa watavipata, na waliojionea mji huo katika miaka hiyo wanayajua hayo bila kusoma kitabu: viwanja vikanunuliwa, nyumba za matofali zikajengwa, ada za shule zikalipwa, ndoa zikafungwa na mahari kutolewa na mtu ambaye ukoo mzima ulikwisha kumwandika kuwa ni mzigo wa maisha.

Wako watakaosema kuwa hayo yote yalikuwa wizi wa ushuru, na kwamba mtu asisifiwe kwa kuvunja sheria kwa sababu tu hana miguu. Sikubaliani nao. Serikali ile haikumjengea mtu huyu njia, haikumpa shule ambayo mlango wake aliweza kuupita, wala haikumpa kazi. Haikuwa na haki juu ya mkate wake zaidi ya aliyokuwa nayo yeye juu ya ihsani ya karani. Na jambo la pili ni kubwa zaidi. Dasturi ile haikumpa sadaka. Ilimwachia njia wazi, naye akapita kwa mikono yake, akafanya kazi ngumu ambayo wengi wetu tusingeiweza kwa siku moja, na hadhi aliyoipata ilitoka katika kazi hiyo. Hatari nayo ilikuwako: shehena ikimzidi mtu chombo huanguka ubavuni, na asiyeweza kuruka hulaliwa na gunia, mali ikikamatwa aliyeituma humdai mchukuzi, na Desemba 1987, askari wa Uganda na polisi wa Kenya walipopigana risasi hapo Busia na mpaka ukafungwa hadi marais Moi na Museveni walipokutana Malaba mwishoni mwa mwezi, watu wa kwanza kukosa chakula walikuwa wale ambao riziki yao ilikuwa kizuizi chenyewe.

Busia si peke yake katika jambo hili. Kongo, katika bandari ya Ngobila, Kinshasa, wafanyabiashara wenye ulemavu waliupata kwa dasturi ya namna hiyo hiyo upunguzaji wa nauli na ushuru katika kivuko cha kwenda Brazzaville, wakawa watu wenye nguvu katika biashara ya mto ule. Na Goma, mpakani na Gisenyi ya Rwanda, baiskeli kubwa za mikono zilizosheheni zimekuwa sehemu ya mandhari kwa miaka mingi. Dar es Salaam, madereva wa bajaji wenye ulemavu walipewa ruhusa ya kuingia katikati ya jiji ambako bajaji nyingine zilikatazwa. Katika mahali pote hapo mwenye ulemavu ndiye mwenye chombo, na walio wazima ndio wanaomtumia.

Mabadiliko ya siasa nayo yalikuja. Mwaka 1987 uliundwa umoja wa kitaifa wa watu wenye ulemavu wa Uganda, NUDIPU, na katiba ya 1995 ikathibitisha haki ya watu hao kuheshimiwa. Tangu 1996 wakawa na wabunge watano wa kwao, na sheria ya serikali za mitaa ya 1997 ikawapa viti viwili, cha mwanamume na cha mwanamke, katika mabaraza ya wilaya na ya kata. Maana yake ni kwamba hata Dabani, katika baraza la kata linalojadili visima na madaraja, pana mtu wa kusema kwamba daraja hili halipitiki kwa magurudumu matatu. Nchi nyingi zilizo tajiri hazina mpango kama huo.

Lakini biashara ya mpakani ilikwisha kuanza kupoa. Jumuiya mpya ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza mwaka 2000, ilianzisha umoja wa forodha tarehe 1 Januari 2005, ushuru baina ya nchi na nchi ukapunguzwa hatua kwa hatua, na mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika ya Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 akapewa hati nyepesi ya kuvushia mali yake waziwazi. Februari 2018 marais Kenyatta na Museveni wakafungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, ambamo makarani wa nchi mbili hukaa mahali pamoja, na safari hukaguliwa mara moja. Hayo ni mema kwa nchi. Walakini ushuru ukiondoka, huondoka pia faida ya yule aliyesamehewa ushuru. Na polio yenyewe, alhamdulillahi, karibu imetoweka: Uganda ilithibitishwa mwaka 2006 kuwa imeepukana nayo, na bara zima la Afrika likathibitishwa Agosti 2020 kuwa limeepukana na virusi vyake vya asili. Wachukuzi wale wamezeeka, mabega yaliyokokota magunia yanauma, na sasa wao wenyewe ni abiria wanaohitaji kufikishwa hospitalini Dabani au Tororo.

Hapo ndipo sheria za usafiri zinapowakuta. Bunge la Kenya lilipitisha mwaka 2003 sheria ya watu wenye ulemavu, na kifungu chake cha 23 kikamwamuru kila mwenye gari la abiria alirekebishe gari lake liwafae watu hao, kwa namna itakayoagizwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, akipewa miaka miwili tangu kifungu kianze kutumika. Katiba ya 2010, ibara ya 54, ikaongeza kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia ipasavyo mahali pote, vyombo vya usafiri wa umma na habari. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2006, ikaitunga upya mwaka 2020, na nchi zote mbili mwaka 2008 ziliuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao ibara yake ya 9 husema hayo hayo kwa ulimwengu mzima. Kwa maneno, basi, kiti cha magurudumu kimekwisha kupanda gari zamani.

Na twende steji tukaone. Gari ni Hiace ya abiria kumi na wanne, mlango wake ni wa kusukuma ubavuni, sakafu yake iko juu kufikia goti la mtu aliyesimama, na baina ya mlango na kiti cha kwanza hapana nafasi ya mtu kugeuka. Anafika mzee juu ya kiti chake. Manamba, aliyekuwa akiita abiria kwa sauti kuu, ananyamaza kidogo, anatazama saa, anatazama gari la nyuma yake linaloingia katika foleni. Akiwa kijana mwema humshika mzee makwapani, mwingine miguuni, wakampakia, kiti hukunjwa kikitiwa juu ya keria la paa au chini ya viti vya nyuma, na gari likikwisha kuondoka hugeuka akasema, "Mzee, na kiti nacho kitalipiwa." Asipokuwa kijana mwema husema gari limejaa, ilhali viti vitatu viko wazi. Mama mwenye umri wa kuwa bibi yake huinuliwa vivyo hivyo na wanaume asiowajua, nguo zikipanda, na watu wakitazama; wako wanaoacha kwenda kliniki kwa ajili ya hilo tu, na haya hiyo haikuandikwa katika ripoti yoyote ya hospitali.

Ni rahisi kumlaumu manamba, lakini tumtazame naye. Gari si lake, wala si la dereva. Ni la mtu aliyelinunua kwa mkopo, anayetaka hesabu yake kila jioni, kiasi kile kile, mvua inyeshe isinyeshe. Nafasi ya kiti cha magurudumu kilichofungwa salama ndani ya Hiace hula viti vitatu vya abiria au zaidi, na hasara hiyo, kwa jinsi sheria ile ya 2003 ilivyoandikwa, ilimwangukia mtu wa chini kabisa katika safu, anayelipwa kwa siku. Uingereza, ilipotoa mwaka 2000 kanuni za mabasi kufikika na viti vya magurudumu, iliyahusisha magari yabebayo abiria zaidi ya 22, na ikawapa wenye mabasi hadi mwaka 2017 kutimiza. Gari la ukubwa wa matatu yetu halimo kabisa katika kanuni hizo. Sisi tumeandika amri pana kuliko ya matajiri, juu ya magari madogo kuliko yao, kwa wenye magari maskini kuliko wao, kisha tukashangaa haikutimizwa.

Kanuni za usafiri zaweza kutimizwa hapa kwetu, tena upesi. Februari 2004 waziri John Michuki alipozitia nguvu kanuni zake, matatu za Kenya zilipata mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano, na zisizopata ziliwekwa kando ya barabara nchi nzima ikitembea kwa miguu. Zilifaulu kwa sababu zilipimika: polisi aliona mstari au hakuuona, alihesabu mikanda kumi na minne au alihesabu kumi na miwili. Kifungu cha 23 hakikutaja upana wa mlango wala kimo cha ngazi, na askari wa barabarani hawezi kupima neno "kurekebisha" kwa macho. Aidha Michuki alikuwa na serikali nyuma yake, ilhali haki ya kiti cha magurudumu, popote ilipopatikana, ilipatikana kwa wenye viti kujitokeza wenyewe: huko Denver, Marekani, Julai 1978, watu kumi na tisa walizuia mabasi barabarani mchana na usiku kwa viti vyao, na miaka kumi na miwili baadaye Marekani ilikuwa na sheria ya nchi nzima.

Nisemayo basi ni haya. Kenya imekwisha kuwataka wenye matatu wajiunge katika sacco au kampuni zenye magari yasiyopungua 30. Faradhi isimwangukie mwenye gari moja, iiangukie sacco, kwamba katika kila magari 30 yawepo angalau mawili yenye mlango mpana na ubao wa kupandia, yenye saa zinazojulikana na namba ya simu ya kuyaita, na hasara ya viti vilivyoondolewa igawanywe kwa wanachama wote. Steji zijengewe tuta lenye kimo cha sakafu ya gari, kama vituo vya mabasi ya mwendo kasi yaliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, ili abiria ajisogeze mwenyewe pasipo kuinuliwa. Tuta la zege lenye mteremko upande mmoja ni kazi ya mafundi wa siku chache. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004 imekwisha kumsamehe ushuru mtu mwenye ulemavu kwa gari lililoundwa kwa ajili yake. Msamaha huo na utolewe pia kwa gari la sacco litakalomchukua. Na kutoza nauli kwa kiti cha magurudumu kupigwe marufuku kwa maneno manne ya sheria ndogo ya mji, pamoja na faini, maana jambo hilo halihitaji fundi wala fedha.

Hayo yote mabaraza ya Busia, la kaunti upande wa Kenya na la wilaya upande wa Uganda, yanaweza kuyaanza pasipo kungoja Nairobi wala Kampala. Nawaomba madiwani wa pande zote mbili wawaite katika vikao vyao wazee wa baiskeli za mikono waliobakia, ambao kwa miaka zaidi ya thelathini waliipitisha mizigo ya mji huu katika njia mbaya, wanaojua kila ukingo, kila shimo na kila ngazi iliyo juu mno. Wawaulize kimo cha tuta na upana wa mlango, wayaandike majibu yao kwa sentimita, na wayatie katika sheria kabla ya wazee hao hawajaondoka.